Samaki wa Jumamosi

Jumapili, 9 Februari

Wifi yangu,

Usishtuke kuona bahasha nene. Simu nimekupigia mpaka nimechoka. Unapokea, unasema "eeh, eeh," halafu unaniuliza kama huku kunanyesha, wakati mimi nimekuambia bomba la jikoni limepasuka. Zile mashine za kufulia mashuka ya hospitali zimekula masikio yako, na mimi sina mapafu ya kupiga kelele mpaka jirani ajue siri zangu zote. Kwa hiyo nakuandikia. Karatasi haisemi "rudia tena."

Nina habari, kaa chini kwanza. Jana nilikwenda kuvua samaki.

Ndiyo, mimi. Mwanamke aliyekaa nusu ya maisha yake kwenye kiti cha kuzunguka, waya sikioni, "subiri nikuunganishe," leo nimesimama ufukweni na fimbo ndefu kuliko mlango. Cheka ukimaliza uendelee kusoma.

Tangu tumzike kaka yako, siku nyingine zote najua nizifanyeje. Jumamosi ndiyo inanishinda. Jumamosi ilikuwa yake. Anatoka asubuhi na fimbo na ndoo, anarudi jioni na samaki wetu mwekundu, miaka nenda miaka rudi. Sasa Jumamosi inafika, inaketi sebuleni, mimi naitazama nayo inanitazama. Na ile fimbo juu ya kabati nayo inatazama. Jana nikasema hapana, leo mmoja wetu atatoka humu ndani. Tukatoka wote wawili.

Wifi, unajua kaka yako hakuwa mtu wa kusema. Ukimuuliza "kukoje kule?" anakujibu "kuzuri." Basi. Neno moja la miaka yote hiyo. Hakunichukua hata siku moja, alisema nitachoshwa. Kwa hiyo nataka kusimama pale aliposimama, nione alichokuwa anakiona. Nikikijua hicho nitakuwa nimemjua vizuri zaidi, hata kama nimechelewa. Usiniambie ni ujinga. Najua ni ujinga.

Na jinsi alivyokuwa mtu wa kutunza vitu, jamani! Ndoana hazina hata chembe ya kutu. Kigurudumu cha kukunjia mshipi kinang'aa, na mshipi wenyewe bado umebandikwa kikaratasi cha dukani, nadhani alikuwa amenunua mpya muda mfupi kabla hajaugua. Nilikibandua polepole, machozi yakanitoka, halafu ndoana ikanichoma kidole nikaacha kulia nikaanza kutukana.

Kurusha sasa. Niliwaona wenzangu wanavyofanya: fimbo nyuma ya bega, mguu mmoja mbele, halafu fyuu, chubwi, ile risasi nzito ya kwenye mshipi, linakwenda huko mbali kwenye mawimbi. Nami nikafanya. Chubwi halikwenda baharini. Lilikwenda nyuma, likapita juu ya mbwa wa watu na kutua kwenye kikapu cha mama mmoja aliyekuwa anakunywa chai yake. Mara ya pili likaenda mbele, lakini mshipi ukakatika, nikabaki nimeshika fimbo tupu kama mtu anayeongoza kwaya. Mara ya tatu mshipi ulijisokota wote kwenye kigurudumu mpaka ukawa kama nywele za mtu aliyeamka. Nilikaa mchangani kuufumua mpaka jua likanichoma shingo. Nimerudi na ndoo ya maji ya chumvi na kiuno kinachouma.

Lakini Jumamosi ijayo naenda tena.

Chumba chako nimekipaka rangi, ile ya maziwa uliyoitaka. Mwezi wa saba ukistaafu utakuta hata mapazia yapo. Sina mtu mwingine, wifi, na wewe pia huna. Tutazeeka hapa wawili, mimi nasema, wewe husikii, mambo yatakwenda.

Wako,
Opereta

*

Jumatano, 19 Februari

Kwako wifi,

Nimepata barua. Mimi mzima. Kazini mashine moja imekufa, tunafua kwa mbili.

Hiyo fimbo iache. Mawimbi hayana adabu na wewe goti lako la kulia unalijua. Ukianguka pale nani atakuokota? Ifunge vizuri uipe basi la asubuhi iletwe kwangu, niiweke kama kumbukumbu ya ndugu yangu. Sina kitu chake chochote.

Jumamosi jaribu kushona.

Asante kwa rangi ya chumba.

Dada wa marehemu

*

Jumapili, 2 Machi

Wifi mpendwa,

Kushona! Mimi? Unanijua au hunijui?

Fimbo siitoi. Nitakupa koti lake, lile la kazi lenye mfuko wa bisibisi, bado linanuka grisi ya lifti. Lakini fimbo niachie. Nimeanza kuizoea zoea.

Kwanza nimepata mwalimu. Ni msichana, yaani kwangu mimi ni msichana, ana watoto wawili. Ni mfamasia, anauza dawa hapo karibu na kituo cha mabasi na anaingia kazini mchana, kwa hiyo asubuhi yuko ufukweni. Mdomo wake! Alinitazama narusha, akaja, hata salamu hakunipa. Akasema, "Mama, unawavua wa nchi gani hao?" Nikamwambia narusha mbali kwa sababu samaki wako mbali. Akasema hapana, samaki wako hapa. Akanionyesha: wimbi linavunjikia pale, likivunjika linachimba mchanga, hapo mbele yetu kuna mfereji, maji yake yana weusi kidogo. Samaki wanaingia humo kutafuta chakula ambacho wimbi limekichimbua. "Wewe kila siku unawaruka vichwani, wanakucheka." Kwa hiyo sasa narusha karibu. Goti langu limeshukuru.

Jambo la pili ni kujua nani anavuta. Unashika fimbo, unahisi kitu kinavuta, roho inaruka, unakunja mshipi kwa nguvu zote, unakuta majani ya baharini. Mfamasia ananiambia wimbi linavuta na kuachia taratibu, halina haraka. Samaki anagonga kama mtu aliyebanwa na haja kwenye mlango wa choo. Nilicheka nikaangusha chambo. Mpaka leo sijagongewa. Kamba wadogo ninaowanunua sokoni wanaliwa na kaa tu, nawalisha kaa wa ufukwe mzima.

Lakini nakuambia ukweli, nikisimama pale maji yananipiga kwenye miguu, namhisi kaka yako. Najisemea, hapa ndipo alipokuwa anapumua. Huko kazini alikuwa anashinda kwenye tundu la lifti, giza, mafuta, kamba za chuma, halafu Jumamosi anapata anga lote hili. Naona kwa nini alipapenda. Nimefurahi kwa ajili yake, na nimekasirika pia kwamba hakutaka nipaone.

Kitu kimoja kinanisumbua. Siku tuliyomzika hakuja hata mvuvi mmoja. Fundi wenzake walikuja, jirani walikuja, hata yule wa duka la betri alikuja. Watu aliosimama nao kila Jumamosi, hakuna. Nadhani hawakupata habari. Jumamosi nitabeba picha yake niwaonyeshe wale wakongwe wanaovua pale ufukweni kwenye tangi la maji, niwaambie rasmi. Ni haki yao.

Wako,
Opereta (mvuvi mwanafunzi)

*

Jumanne, 11 Machi

Kwako wifi,

Picha usibebe. Itaingia maji na hiyo ndiyo picha nzuri pekee aliyoiacha.

Unamjua alivyokuwa. Alikuwa anajitenga. Hao watu hawatamkumbuka, na wewe utaumia bure. Kama ni kuwaambia, waambie kwa mdomo, au usiwaambie. Wameshazoea kutomwona.

Koti lilete. Na fimbo pia ukichoka.

Dada wa marehemu

*

Jumapili, 23 Machi

Wifi,

Barua yako ilifika nimeshakwenda na picha. Niliifunga kwenye mfuko wa plastiki, haikuingia maji.

Nilianza na mzee mmoja wa kofia ya majani ambaye yuko pale kila Jumamosi tangu tangi la maji halijajengwa, hivyo ndivyo anavyosema mwenyewe. Akaitazama, akaisogeza mbali, akaitazama tena. "Simjui." Nikamwambia mrefu, kimya, fundi wa lifti. "Mama, hapa kimya wote." Nikaenda kwa wale ndugu wawili wauza matairi. Hapana. Kwa yule mama wa kikapu cha chai, ambaye anauza chambo hapo hapo, na kila anayevua lazima apite kwake. Hapana. Akaniuliza kwa upole kama nina uhakika ni ufukwe huu. Kuna ufukwe mwingine gani? Upande wa pili ni bandari na ukuta.

Nikarudi kwa Mfamasia. Nikajitia kucheka. Nikamwambia basi labda alikuwa anavua saa zao wamekwenda kula, maana samaki alikuwa analeta, tena samaki wa maana. Nikamweleza: mwekundu, mnene, macho yamemtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Unamkumbuka samaki wetu, wifi, ulipokuja kututembelea ulimla. Nilikuwa namtania kaka yako kwamba huyu samaki amekuona ndiyo maana ameshtuka.

Mfamasia hakucheka. Alikuwa anafunga ndoana, akaacha. Akasema, "Mama, yule akiwa na macho ya nje hivyo ametolewa kilindini. Akivutwa haraka kutoka chini kabisa, tumbo linajaa hewa, macho yanasukumwa nje. Huyo anataka mashua na mshipi wa kuzunguka nyumba. Hapa maji yanatufika mapajani." Nikamuuliza, hata mara moja haji? Akasema hata kwa kupotea njia.

Halafu akashika fimbo yangu akaigeuza geuza. Akaniuliza kwa sauti ndogo mume wangu aliitumia muda gani. Nikamwambia miaka. Akanionyesha yake, rangi imebanduka pale mkono unaposhika, pete za kupitishia mshipi zimekwanguka. Yangu, wifi, ukiniondolea mimi na huu mwezi wangu, ni mpya. Mpya kabisa. Mimi ndiye niliyeikwangua.

Sikulala. Nimekaa nimejiuliza, nimejijibu, nimejiuliza tena. Mwanaume anatoka kila Jumamosi na fimbo asiyoitumia, anarudi na samaki aliyenunuliwa. Kutwa nzima alikuwa wapi? Najua jibu, kila mwanamke analijua. Ninachotaka ni jina lake tu na mtaa anaokaa.

Wewe ni dada yake. Mlikuwa wawili tu kwa mama yenu. Kama kuna mtu aliambiwa, ni wewe. Nakuomba. Ni nani?

Mimi

*

Jumanne, 1 Aprili

Kwako wifi,

Pole kwa mawazo. Kila mvuvi hununua samaki siku asipopata. Ni aibu kurudi na ndoo tupu. Huenda alikuwa ananunua kwa sababu hiyo. Fimbo huenda alibadilisha.

Watu wa ufukweni hupenda maneno. Huyo mfamasia hamjui.

Wacha marehemu apumzike.

Dada wa marehemu

*

Jumapili, 6 Aprili

Wifi,

"Huenda." "Huenda." Umeandika huenda mara mbili kwenye barua ya mistari mitano. Mimi nilifanya kazi ya kusikiliza sauti za watu, nilikuwa namjua bosi anayejificha kwa jinsi katibu wake anavyovuta pumzi. Hata kwenye karatasi nakusikia. Nilikuuliza habari za mtu, ukanijibu habari za samaki.

Ulitaka fimbo iletwe kwako. Ulisema picha nisibebe. Kumbe ulikuwa unanizungusha tangu Februari! Mimi hapa napaka rangi, nanunua mapazia, kumbe namtayarishia kitanda mtu aliyekuwa anamfunika kaka yake!

Hebu nikukumbushe nilivyompata huyo kaka yako. Nilikwama kwenye lifti, umeme umekatika, giza totoro, niko peke yangu. Nikaanza kuongea. Niliongea na kuta, na vitufe, na Mungu. Yeye alikuwa juu kwenye tundu na tochi, hajui lifti imesimama ghorofa gani. Akaniambia baadaye alishuka akifuata sauti, "usinyamaze, mama, endelea." Alinipata kwa sauti. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia maishani, usinyamaze, endelea. Nikaolewa nayo. Sasa niambie, mwanaume wa namna hiyo alienda kutafuta nini kwa mwanamke mwingine? Nilikosa nini? Watoto hatukujaliwa, hilo najua. Ana watoto naye? Kama wapo sema. Nitavumilia. Nisichoweza kuvumilia ni kufanywa mjinga na watu wawili, mmoja chini ya ardhi na mwingine hospitalini kwenye mashuka.

Mpaka utakaponiambia, chumba kimefungwa. Ufunguo uko mfukoni mwangu.

Mimi

*

Jumamosi, 19 Aprili

Kwako wifi,

Umeuliza ni nani. Ni mimi.

Hakukuwa na mwanamke. Hakuna watoto. Alikuwa anakuja kwangu.

Fimbo aliinunua kwa nia ya kweli. Jumamosi ya kwanza alitoka ili aende ufukweni, mvua ikamkuta stendi, basi la huku likawa linaondoka, akapanda. Alifika amelowa. Nilimpa taulo na chai. Akakaa kwenye kile kiti cha dirishani akalala mpaka alasiri. Aliporudi nyumbani ulimuuliza kama amepata, akasema samaki hawakula chambo siku hiyo. Jumamosi iliyofuata akaja tena na fimbo. Aliiweka nyuma ya mlango wangu, na hapo ndipo ilipokuwa ikikaa kila wiki.

Hakuna alichokuwa anafanya. Alivua viatu. Alitazama nje. Mara nyingine alinitengenezea pasi au swichi. Alilala. Mimi sisikii na yeye hakutaka kusema, tukafaana. Siku nzima ilikuwa inapita bila neno zaidi ya karibu na kwaheri.

Samaki nilinunua mimi. Kila Ijumaa nikitoka zamu nilipita sokoni nikamweka kwenye barafu. Nilichagua wale wekundu kwa sababu walikuwa wazuri kuliko wote. Sikujua kuwa samaki wa mchangani ni wa namna nyingine. Nilisema wifi yangu asiletewe samaki wa hovyo.

Nilimuuliza mara moja kwa nini hakai kwake. Aliandika, kwa sababu nisingemsikia. Aliandika nyuma ya risiti: "Kule nasemeshwa mpaka usingizini." Uliniomba ukweli, kwa hiyo nimekuandikia kama alivyoandika. Hakukuchukia. Alipenda upishi wako na alikusifu kwa usafi. Alichoka tu kusikiliza. Alisema utalia ukijua, na alikuwa hawezi kukuona ukilia.

Nilimwambia akuambie. Nilimwambia mara moja, sikurudia. Nami nilikuwa peke yangu wiki nzima. Jumamosi nilikuwa na mtu kwenye kiti. Ningemhimiza, asingekuja tena. Hilo ni langu, si lake.

Nisamehe ukiweza.

Dada wa marehemu

*

Ijumaa, 30 Mei

Kwako wifi,

Barua mbili nimetuma baada ya ile, hujajibu. Nimepiga simu, nimesikia kama mtu kapokea, lakini unajua masikio yangu. Kama ulisema kitu sikukipata.

Wamenifanyia mapema tafrija ndogo ya kuniaga kazini. Nimepewa saa ya ukutani. Mwenye nyumba ameshapata mpangaji mwingine, anataka kuingia mwezi wa saba. Vitu vyangu nimefunga. Kile kiti cha dirishani sijui nikifanyeje, kama utapenda nije nacho.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni wa matusi.

Dada wa marehemu

*

Jumapili, 15 Juni

Wifi,

Simu nilipokea. Sikusema kitu. Nilikusikia unaita "halo, halo" na mimi nimeweka mkono mdomoni. Nilitaka kujua kusemeshwa bila kujibu kunakuwaje.

Heri ingekuwa mwanamke. Mwanamke ningemfuata mtaani kwake, ningemwaga yote yaliyo rohoni, ningerudi nimetua mzigo. Nitakwenda kwa nani kulalamika kwamba mume wangu aliniacha kila wiki kwenda kukaa kwenye kiti? Jirani watasema maskini, kaka wa watu alikwenda kumwangalia dada yake. Watasema mwanaume mwema. Mimi ndiye nitakayebaki mbaya, mwanamke wa mdomo aliyemkimbiza mumewe kwa maneno. Umenipa kidonda ambacho hata kukionyesha siwezi.

Na mlivyokaa mkanijadili kwa risiti! Halafu mkaniletea samaki mzuri kunifunga mdomo. Nilikuwa namsafisha yule samaki huku nikijivuna. Nilikuwa nawaambia wenzangu kazini, mume wangu huyo, akirusha hakosi. Nilimtetea kwa watu waliosema mwanaume gani haendi popote na mkewe. Nikikumbuka hayo nataka kupiga kitu.

Ufukweni niliendelea kwenda. Sikwenda kwa ajili yake tena, nilikuwa nimeshanunua chambo. Jana nimegongewa. Mfamasia alisema kweli, huwezi kukosea, si wimbi, kuna mwenye haraka zake huko chini. Nilikunja, nikakunja, akatoka kwenye povu samaki mwembamba wa rangi ya fedha, urefu wa kiganja na kidogo, macho yake yako mahali pake. Mfamasia akapiga kelele, wale wauza matairi wakapiga makofi. Mimi nikasimama tu. Mfamasia akaniuliza, "Mama, leo mbona husemi?" Nikagundua tangu asubuhi sijasema neno. Nilikwenda nyumbani nikamkaanga, nikamla, miiba mingi, nyama kidogo. Huyo ndiye aliyekuwa ananistahili miaka yote ile.

Usije mwezi wa saba. Nimejitahidi kutafuta namna ya kuliandika hili vizuri, sikuipata. Najua pa kwenda ni shida kwako na najua huna mtu. Chumba nimempa Mfamasia aweke dawa zake, stoo yao inavuja. Labda mwakani nitakuwa nimepoa. Labda sitapoa. Kiti usiniletee, nitakichoma.

Lakini kuna jambo wewe hulijui, na yeye alikufa bila kulijua, na ndilo linaloninyima usingizi kuliko uongo wenu.

Siku tano za wiki nilikuwa nasema kwa mshahara. Jioni nilikuwa nasema kwa sababu yeye hasemi. Nyumba isiyo na mtoto ikinyamaza, wifi, mtu anasikia mambo. Niliogopa. Basi nikawa nasema kwa ajili ya wawili, nikifikiri namsaidia, maana aliniambia usinyamaze, endelea. Nilichoka. Koo liliniuma, nilikunywa maji ya chumvi bafuni asinione. Kitu kimoja kilikuwa kinanifikisha mwisho wa wiki, nacho ni Jumamosi. Akishafunga mlango na fimbo yake, nilizima redio, nilichomoa waya wa simu, nilikaa kwenye kochi. Sikumfungulia jirani. Sikuimba wala kujisemea. Kutwa nzima sikufungua mdomo ila kunywa chai. Ilikuwa siku yangu nzuri kuliko zote na niliona aibu kuipenda. Jioni nikisikia lango, nilijikaza, nikatoka na kuanza, "Haya, umepata? Bahari ikoje leo?" Nilidhani mtu aliyeshinda peke yake na mawimbi anarudi na kiu ya kusemeshwa.

Angesahau kofia yake siku moja tu. Angerudi kuichukua saa nne asubuhi, Jumamosi yoyote ile. Angefungua mlango akakuta kimya chote alichokuwa anapanda basi kukitafuta, na mimi nimekaa ndani yake.

Mjane wa kaka yako